Kapita haniongeleshi tena tangu nizuie maji ya mawe, nifanye aje?

dada_shantie (Goma)

Jambo kwenu bote. Niko enjeniere mupya, nimemaliza masomo mwaka jana, na sasa hii ni wiki ya saba niko ku shantie moja hapa Goma, tunajenga nyumba ya orofa moja upande wa Lac Vert. Iko kapita mmoja muzee, mukubwa wa bafundi, tunamuitaka Papa Kapita tu, anajenga hapa mujini tangu mimi niko mutoto wa kubebwa. Alijenga mbele ya volkano ya 2002, lava ikamumezea nyumba, akajenga tena juu ya ileile lava. Shule hakusoma sana lakini mwenye nyumba anamusikilizaka kuliko mimi na plan yangu mukononi.

Sasa shida njo hii. Munajua hapa kwetu musingi ni mawe ya volkano. Kila asubuhi mbele ya kazi Papa Kapita anaambiaka bavijana bamwangie mawe maji, si kidogo, ni bidoni kwa bidoni, na maji hapa munajua vile inatufikia, inakuya na chukudu, ile baiskeli ya mbao, ama na pikipiki na kila bidoni ya litre 20 inalipiwa. Mwenye nyumba alikuwa amenilalamikia juu ya franga ya maji. Siku moja Papa Kapita ameenda kuchagua mchanga, nikabaki mimi njo mukubwa, nikaambia bale bavijana muache hiyo hasara ya kuogesha mawe, maji iende kwa mortie (mchanga na simenti). Bakaangaliana. Mmoja akaniambia "madame, mawe bado haijakunywa". Nikacheka. Nikasema jiwe halinywaki, pandisheni ukuta.

Tukapandisha ukuta wa musingi, karibu mita tano urefu wa kulala, mpaka jioni, mimi nikafurahi, nikapiga na foto nikamutumia mwenye nyumba. Kisha siku mbili Papa Kapita akapita pale, hakusema kitu, akaokota musumari ya kutu chini akakwaruza kati ya mawe mawili. Ikatoka unga. Unga kabisa, kama biskuti ya siku mingi. Akaangalia bavijana, mimi hakuniangalia, akasema neno moja tu, "bomoa". Bakabomoa, na mimi nimesimama pale na kasike yangu nyeupe kichwani.

Na kenye kinaniuma, hiyo kitu niliisoma. Jiwe lenye matundu linavuta maji ya mortie, nilipata 15 kwa 20 mu kozi ile. Sikuikumbuka ilipokuwa mbele ya macho yangu.

Tangu siku ile Papa Kapita ananijibu salamu na basi. Nikimuuliza kitu anasema "enjeniere njo anajua". Hanitukani, hanifukuzi, ni kimya tu, na bavijana nao bameona, bananiita madame kwa sauti ingine sasa. Ninataka nijifunze kwake, sina mwingine, na kazi hapa mujini si nyingi nitafute shantie ingine. Benye mulianza kazi chini ya bazee benye hawasemi, mulifanya aje?

---

Fundi wa Keshero

Dada nimecheka mpaka bibi ameniuliza ni nini. Usikasirike, mawe ya kutokunywa imetupiga bote, tofauti ni mimi nilikuwa na miaka 16 na mwalimu wangu alinipiga na kofia.

Nikuambie kwanza ile ya mawe ili upate lugha yake. Mawe yetu si moja. Kuko ile nzito ya blu-nyeusi, ukiigonga na nyundo inalia kama kengele, hiyo inakunywa kidogo. Kuko nyepesi yenye matundu kama mukate, hiyo ni mulevi, inamaliza maji ya mortie mbele simenti haijashika, na simenti ikikosa maji haishiki, inakufa tu, njo ule unga uliona. Na kuko yenye ukiigonga inatoa sauti ya bubu, ile iko na ufa ndani, itupe. Na usiende sasa ukaweka jiwe linatiririka maji, litateleza juu ya mortie kama sabuni. Lishibe ndani, uso wake ubaki umekaukiwa. Saa ngapi inatosha? Hakuna saa. Njo maana muzee anasimamaka pale mwenyewe.

Sasa ya kimya. Wewe unafikiri amekasirika juu ya ukuta. Ukuta mita tano ni nini, bamebomoa asubuhi bamejenga muchana. Ni kwamba ulitoa amri ingine mbele ya batoto bake ba kazi na yeye hayuko. Kapita hana diplome, hana buro, kenye anacho ni lile neno lake pale shantie, asubuhi akisema maji basi ni maji. Siku ile ukamuonyesha hata hilo linaweza kuondolewa. Hata ungekuwa na haki ingemuuma, na haki haukuwa nayo.

Kwa hiyo mambo ya kwenda kumuomba samahani faraghani kwenye gari ya mwenye nyumba, hapana. Ulimwaga mbele ya bavijana, okota mbele ya bavijana. Tena usiseme mingi. Asubuhi bakianza kumwagia mawe, shika bidoni wewe mwenyewe, mwaga, kisha uliza "Papa, hii imeshiba?" Basi. Usiulize "Papa nifundishe kazi", hiyo hajui aijibu aje, hata mimi ukiniuliza hivyo nitakuangalia tu. Uliza ya lile jiwe lenye uko nalo mukononi.

Na fika mapema. Bama-enjeniere banafikaka saa mbili na nusu wakati mambo yote yamekwisha amuliwa. Kazi ya kapita inafanyika saa kumi na mbili na saa moja, pale anapima. Umuone na ile tuyo (mupira) ya plastiki yenye maji, ya kupimia nivo. Shika upande mwingine wa tuyo. Mutu mwenye anashika upande wa pili wa tuyo ni lazima muongee, haiwezekani kupima nivo na mutu wa kimya, "shusha, pandisha, ngoja, hapo". Utanielewa.

---

bwana_haraka

Mimi naona munamuonea dada. Yeye njo enjeniere, kapita ni kapita. Sasa diplome tunazisomea nini? Afukuze huyo muzee achukue mwingine, bamejaa mutaa wa Birere pale.

---

Fundi wa Keshero

@bwana_haraka jenga ya kwako hivyo kisha utuite tuje kukwaruza na musumari.

---

Mama Konta (Bukavu)

Dada mimi siko wa mawe, niko wa vitabu vya hesabu, lakini nakuelewa sana maana nilipitia, ila yangu haikuwa kama yako na sitaki bakuambie kila muzee kimya ni mwalimu amejificha. Wengine bananyamaza ili uanguke.

Mimi nilipoingia kwenye buro moja hapa Bukavu, sitaitaja, nilikutana na keshie muzee mwenye alikuwa pale miaka na miaka. Alikuwa ananipa fakture za kupanga kwa tarehe, asubuhi mpaka jioni, miezi minne. Kesi yenyewe (sanduku la pesa) anaifunga yeye peke yake, ananitumaka ninunue karanga saa ile. Kila nikikosea anaacha kosa liende mpaka kwa mukurugenzi njo anasema "ni mutoto, bado anajifunza". Mutoto, na mimi nilikuwa tayari nimezaa babili.

Nilifanya nini? Nilisoma ile mizigo ya fakture. Alifikiri ananipa kazi ya upuuzi, kumbe historia yote ya nyumba ilikuwa mule, nani analipa kwa wakati, nani anakuya na karatasi mbili za deni moja, mwezi gani pesa inakauka. Kisha miezi minne nilikuwa najua bateja kuliko mukurugenzi. Sikusoma kutoka kwa mudomo wake, nilisoma kutoka kwa nyayo zake.

Lakini nisimuonee, iko kitu kimoja alinipa siku moja akiwa na homa, ilibidi tufunge kesi pamoja. Nikafungua kitabu nione jioni ile tunatakiwa kuwa na ngapi, akakifunga kwa mukono, paa. Akasema hesabu pesa kwanza, andika ku karatasi, kisha njo ufungue kitabu. Ukisoma kitabu kwanza, vidole vyako vitaenda kutafuta ile namba ya kitabu na vitaipata. Mpaka leo nafanya vile na nafundisha vile. Muzee mubaya yule, na kitu kizuri kabisa kilitoka kwake.

Kwa hiyo dada angalia kwanza wa kwako ni wa namna gani. Alibomoa ukuta mbele ya macho yako ama alikwenda kukushitaki kwa mwenye nyumba?

---

dada_shantie (Goma)

@Mama Konta hakunishitaki. Mwenye nyumba mpaka leo hajui. Sikuwa nimefikiria hiyo, unajua. Alimuambia tu kwamba kazi itachelewa siku moja juu ya mvua, na mvua haikunyesha.

---

Mama Konta (Bukavu)

Basi una jibu mama.

---

Papa Turneri (Lubumbashi)

Banangu, mi naandika huku Lubumbashi, nilitumika miaka 31 mu atelie, ku turi (mashini ya kuchonga chuma), chuma kwa chuma, sasa niko mu pansio nakunywa chai yangu ku Katuba. Muko munasema bakubwa banafanya hivi, bakubwa banafanya vile, acheni mukubwa mwenyewe aseme kidogo.

Juu ya nini tunanyamaza. Ya kwanza, hatujue asema tunajua. Mutoto mmoja alikuwaka ananiuliza, papa umejua namna gani ile rulma (beringi) iko inakufa? Mi nilikuwaka naweka turnevisi (bisibisi) ku mashini, na mupini yake naweka ku sikio, nasikiliza. Rulma nzima inaimba, ya kufa inasaga muchanga. Sasa nitamwambia nini? Ile sauti haiko mu kitabu. Nilimupa turnevisi tu, nikamwambia sikiliza hii, ni nzima, sikiliza ile, ni ya kufa, kila siku mbele ya kuingia sikiliza zote. Kisha mwezi akanikuta ananiambia papa, ya tatu inasaga. Mi sikukuwa nimesikia bado. Nilifurahi, na nilikasirika pia kidogo, niseme kweli.

Ya pili ni woga. Mu atelie yetu kulikuwa mwenzangu mmoja, alifundisha kijana bintu byote, kisha mwaka wakamwambia asante, kijana anatosha, enda kwenu. Bote tuliona ile. Ukikuta mukubwa amefunga mudomo, kwanza jiulize bantu ba kazi ile bamefanyiana nini mbele yako.

Ya tatu, telefone. Kijana anakuya, sijamaliza kushika kintu ashapiga foto, anasema nimeelewa, anaenda. Mi foto hainijue.

Na weye mama enjeniere, usitupe kalasi (masomo) yako chini juu ya aibu. Bakubwa tunafundishaka na makosa yetu ndani. Mi miaka kumi na kitu nilikuwaka nakaza buloni (bolti) kwa nguvu ya mukono tu, nasikia imetosha, mpaka enjeniere kijana mmoja akaleta kile kifunguo cha kupima nguvu, tukapima buloni zangu, zingine zilikuwa zimepita, zingine bado. Sikulala siku ile. Lakini namna alifanya: hakuniambia unakosea. Aliniambia papa, nisaidie kujaribu hii kifaa mupya kama iko muzuri.

---

dada_shantie (Goma)

Papa Turneri asante sana, sasa umenifungua mudomo, maana kuko kitu nilikuwa naogopa kuandika. Papa Kapita na yeye anakosea. Si kwa mawe, kwa betoni. Bakichanganya anaambia bavijana baongeze maji mpaka inakimbia yenyewe ku kofraji (mbao za kuishika betoni), anasema hivi inaingia vizuri kati ya feri (vyuma vya ndani). Ni kweli inaingia. Lakini maji ya kuzidi yanatoka kisha yanaacha vitundu vidogovidogo na betoni inakuwa zaifu, hiyo nayo niliisoma na hiyo sijaisahau. Na tunakaribia kumwaga dali, ile betoni ya kufunika juu. Nikisema, ataona nimerudi kulekule kwa maji. Nisiposema, dali itakuwa juu ya vichwa vya batu.

---

Fundi wa Keshero

Hapo lazima useme. Dali si ukuta wa musingi.

Lakini fanya kama kijana wa Papa Turneri. Chukua makopo mawili ya maziwa, yale makubwa. Moja ujaze betoni ya Papa Kapita yenye kukimbia, ingine ujaze ile ngumu-ngumu kama uji wa mutoto mukubwa, yenye unaipiga-piga na chuma ili ishuke. Changarawe ileile, mchanga uleule, simenti ileile, maji tu tofauti. Muombe yeye achanganye, si wewe. Uzilowanishe zote wiki nzima sawasawa. Ukipata nafasi ngoja siku 28, ukikosa hata kwa siku saba utaona. Kisha umupe nyundo yeye. Wewe kaa kimya, sasa ni zamu yako ya kunyamaza.

Na ile ya kuingia kati ya feri ana haki, usiibishe. Betoni ngumu bila kupigwa inaacha mashimo kama nyumba ya nyuki. Kwa hiyo maji kidogo, lakini bavijana babili benye kazi yao ni kupiga-piga chuma tu, na hiyo njo utamuambia mwenye nyumba alipe.

Kwa mchanga naye atakuonyesha ya mukono, anakamata ngumi moja ya mchanga, anakaza, anafungua: kiganja kikibaki na matope, mchanga uko na udongo. Wewe muonyeshe ya chupa, mchanga nusu, maji, tikisa, acha mpaka itulie, ule udongo unakaa juu kama maziwa. Mutaona munasema kitu kimoja.

---

bwana_haraka

Sawa nimekubali, kumbe mambo ni mingi. Lakini ningekuwa mimi bado ningemufukuza 😂

---

dada_shantie (Goma)

Narudi kisha siku kumi na moja, samahani batu ya hapa, mutandao na umeme vilikuwa vinacheza.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Bavijana bakashangaa. Nikashika bidoni, nikamwaga, nikauliza ile ya "imeshiba?" Papa Kapita akatazama jiwe, akalamba kidole akaligusa, akasema "bado". Nikamwaga. "Bado." Nikamwaga. Nafikiri mara ya tatu alikuwa ananicheza tu maana bavijana bote balikuwa bananyamaza kucheka. Kisha akasema "hii sasa imekunywa, iache ipumue". Njo maneno mingi aliniambia tangu wiki mbili.

Ku tuyo ya maji nilishika upande wa pili kama Fundi alisema. Nikaona nivo yangu inakataa kupatana na yake, tofauti ya vidole viwili, nikaanza kufikiri musingi umelala. Akakuya, akafuata tuyo na mukono pole pole mpaka pale ilikuwa imekunjamana, akaipiga-piga, pwaa, pakatoka bulu ya hewa, na maji ikakaa. Hakusema kitu. Hiyo hata foto haingeionyesha, Papa Turneri.

Sasa hii njo nilitaka kuwaambia. Jumatatu bavijana balikuwa bashuke mu shimo la fosi (la choo), limefika karibu mita tatu, wiki tatu banapasua lava na nyundo. Asubuhi, hakuna upepo, ziwa limetulia kabisa. Papa Kapita akabakataza. Akaniita, eti enjeniere kuya. Akaniambia angalia. Pembeni ya shimo, chini, kulikuwa mijusi mbili imekufa, na nzi zimelala chini kama mutu amezipangusa. Akafunga mushumaa ku kamba, akauwasha, akaushusha. Mpaka karibu nusu ya shimo ukawaka vizuri, kisha pale chini ukazima, si kwa upepo, ulizima tu, kama mutu ameubana na vidole. Akasema "mazuku".

Mimi mazuku nimeisikia tangu utoto, mama alikuwa anatukatazaka kucheza mu mashimo upande wa Mugunga asubuhi, na mu kozi nilisoma kwamba ni gazi ya kaboni inatoka mu udongo wa volkano, ni nzito kuliko hewa, inalala fasi ya chini kama maji. Haina harufu. Lakini ku plan yangu ya fosi nilikuwa nimeandika upana, urefu, kina. Mazuku sikuandika.

Nikamuambia Papa, mushumaa ukizima hatushuke, hiyo ni sawa, lakini hata ukiwaka inaweza kuwa bado kuko ya kutosha kukuumiza kichwa na kukuangusha, mushumaa unavumilia kuliko mutu anavyofikiri. Akaniangalia. Nikafikiri basi, nimeharibu tena. Akauliza "sasa tufanye aje?" Ni mara ya kwanza ananiuliza. Tukasema fosi tunaisogeza fasi ya juu, mita kama kumi na mbili, kule kwenye upepo unapita, na haiendi chini sana, tunaipanua kwa upande. Nimechora upya usiku ule. Mwenye nyumba alilalamika, Papa Kapita akamuambia "enjeniere amesema".

Makopo mawili ya betoni iko chini ya gunia ya maji, leo ni siku ya sita. Bavijana bameanza kuweka dau, mmoja ameweka soda.

---

Papa Turneri (Lubumbashi)

Mama, nani amechanganya, weye ao yeye?

---

dada_shantie (Goma)

Yeye, zote mbili. Ile ya maji kidogo aliichanganya akinung'unika mpaka mwisho, eti hii ni chakula ya nguruwe. Lakini naona kila asubuhi anafunua gunia anaigusa na ukucha mbele sijafika. Anafikiri sijui.

---

Mama Konta (Bukavu)

Utuletee majibu ya makopo. Na huyo wa soda aliweka kwa upande gani?

---

dada_shantie (Goma)

Kwa upande wa muzee, bote. Mimi niko peke yangu na fanta yangu. Ngoja niende, chukudu ya maji imefika na mawe bado haijakunywa.